Kwa Nini Mngwila Hapigi Hodi kwa Mnyaru

Sogeeni huku, moshi usiwatoe machozi kabla ya wakati wake. Habari hii sikuishuhudia mimi, wala aliyenisimulia hakuishuhudia. Tumepokezana tu, kama majirani wanavyoombana kaa la moto, na leo zamu yangu imefika.

Enzi hizo mlima wa Ngwila ulikuwa na ua wa miiba kuuzunguka na lango moja tu, na kinamasi kilichokuwa chini yake kilikuwa kikubwa kuliko hiki mnachokiona sasa. Mlimani walikaa Wangwila, wenye ng'ombe na mashamba ya mtama. Kinamasini walikaa Wanyaru, wenye udongo. Udongo huo ulikuwa mweusi, laini, usiopasuka motoni, nao waliufinyanga vyungu vya kupikia, mitungi ya maji na ile mikubwa ya pombe. Hapakuwa na nyumba ya Mngwila isiyopikia chungu cha Mnyaru. Na hapakuwa na Mnyaru aliyewahi kuingia katika nyumba ya Mngwila.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria, na ilikuwa na matawi yake. Mnyaru akileta vyungu alisimama nje ya ua, akapaza sauti. Hakuruhusiwa kulitaja jina la Mngwila, maana walisema jina likipita katika kinywa chake linachafuka. Kila Mngwila kwake alikuwa "Mwenye ua", awe mzee wa mvi au mtoto anayetambaa. Akishikwa na kiu alimiminiwa maji katika gae, kile kipande cha chungu kilichovunjika, na akimaliza gae lilitupwa. Chungu chenyewe alichokileta kilipitishwa kwanza juu ya moto wa majani mabichi, eti kuutoa mkono wa aliyekifinyanga. Baada ya hapo kilikuwa safi, wakapikia. Mimi nimeishi sana na bado sijauona moto wa kuutoa mkono wa mtu katika chungu. Ukiutoa mkono, kinachobaki ni udongo.

Wangwila hawakujiona wabaya, hilo mlijue. Walisema, "Mfinyanzi hulia gaeni," wakacheka, kana kwamba mfinyanzi ndiye aliyelichagua gae. Ukimwuliza Mngwila kwa nini mambo yako hivyo, alijibu kwamba ndivyo baba yake alivyofanya. Ukimwuliza baba, alimtaja babu. Na babu alikwisha kufa, hakuulizika.

Sasa, watu hao wa mlimani walikuwa na desturi moja ambayo ndiyo iliyowaponza, au iliyowaponya, mtaamua wenyewe. Waliamini kwamba mtu akifa huondoka na makosa yake kichwani kama mzigo wa kuni. Ndugu zake wakimsifu tu, humzidishia, kwa kuwa sifa ya uongo nayo ina uzito. Njia ya kwenda kwa waliotangulia ni nyembamba, mwenye mzigo haipiti. Kwa hiyo kabla marehemu hajashushwa kaburini, mtu mmoja alikaa juu ya kigoda chake, akamwita kwa jina, akamtajia makosa yake moja baada ya jingine, watu wote wakisikia. Jambo hilo waliliita kumtua. Aliyetuliwa alikwenda mwepesi.

Mtuaji alikuwa na masharti mawili. Kwanza, asiwe wa damu ya marehemu, maana ndugu ama ana haya ama ana kisasi. Pili, awe wa kimo kimoja naye kwa heshima. Ninyi nyote mmeteka maji. Mwenye mtungi kichwani hatuliwi na mtoto, mtoto hafiki. Hutuliwa na mtu aliyesimama mbele yake, uso kwa uso, mikono ikikutana na mikono. Mlimani kote walikuwa wameoana na kuoleana hadi hapakubaki asiye ndugu ya mwenzake, hivyo kila ulipotokea msiba waliwaita Wahela, wachuuzi wa chumvi wa ng'ambo ya mto. Wahela waliheshimika. Walikuja, wakasema, wakala nyama, wakaenda zao.

Mtemi wa Ngwila wakati wa habari hii aliitwa Lugembe. Kila masika kinamasi kilifura, na Wanyaru walihamia chini ya mlima, nje ya miiba, wakangoja na mbuzi wao na watoto wao mpaka maji yarudi. Walilipiga lango wakaomba wapewe hata pembe ya malisho ya kulala. Lugembe aliwajibu maneno yale yale kila mwaka: "Maji yatashuka. Hayajawahi kukosa kushuka." Alisema kweli. Yalishuka kila mwaka, na kila mwaka Wanyaru walirudi kinamasini wamepungua.

Ukaja mwaka ambao hayakushuka. Mvua ilinyesha kana kwamba imesahau namna ya kuacha. Miongoni mwa waliobanwa kati ya maji na miiba alikuwapo mfinyanzi mmoja, Nyanzala, mjane wa makamo, mwenye mikono mipana na ulimi usio na mfuniko. Alikuwa na binti yake wa pekee, Kalekwa, mwenye mimba ya kwanza, na mimba hiyo ilikuwa imetimia. Kulipopambazuka Kalekwa alishikwa na uchungu. Maji yalikuwa yamemfika vifundoni, na pa kukaa hapakuwapo. Nyanzala akaanza kulipiga lango kwa jiwe.

Asubuhi hiyo hiyo Mtemi Lugembe alikufa. Alikufa kitandani, mahali pakavu.

Hapo ndipo sheria za Wangwila zilipokutana, zikakosa njia ya kupishana. Lango halikuweza kufunguliwa kwa watu wa bondeni ila kwa neno la mtemi. Mtemi mpya hakuweza kukalishwa mpaka wa zamani azikwe. Wa zamani hakuweza kuzikwa mpaka atuliwe. Na Wahela, watuaji, walikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umekimeza kivuko na miti yake.

Mwangalizi wa desturi alikuwa Ndalahwa, ndugu ya marehemu kwa baba. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na watu wa utaratibu nao wana madhara yao. Alitafakari, akamteua Shigela, ambaye undugu wake na mtemi ulihitaji vizazi vingi kuuhesabu, akamkalisha kigodani. Shigela alikohoa, akasema, "Lugembe, kosa lako ni kwamba ulikuwa mkarimu kupita kiasi." Akafikiri tena. "Lugembe, uliwapenda watu wako hata ukasahau kula." Marehemu alikuwa na tumbo ambalo watu wanne walikuwa wametoka kulibeba kwa shida. Hata wafiwa waliinamisha nyuso.

Walipokwenda kumshusha, walikuta kaburi limejaa maji, na mwili uliofungwa katika ngozi ya ng'ombe ukaelea. Wakamtoa, wakachimba pengine, juu zaidi. Likajaa nalo. Mvua ilikuwa ikinyesha, na shimo lolote ambalo lingechimbwa siku ile lingejaa, hata la kupandia mgomba. Lakini mwenye hatia hata maji huyasikia yakimtaja. Wangwila wakaona kwamba mtemi wao amekataa kushuka, kwa sababu hajatuliwa.

Aliyefungua kinywa alikuwa Mbuke, mke mkubwa wa marehemu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno.

"Yupo mtu asiye wa damu yetu," alisema. "Msikilizeni, anapiga lango."

Ndalahwa alishtuka. "Yule? Yule hafiki kimo, shemeji."

"Basi msimamisheni juu ya kitu."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Ndalahwa akashuka mpaka langoni, akaweka mdomo kwenye upenyo wa magogo.

"Mama wa bondeni."

"Abee, Mwenye ua."

"Mtemi hatunaye."

"Poleni kwa msiba, Mwenye ua. Mwanangu anazaa."

Ndalahwa akamweleza shida yao. Akamwambia kwamba wameona heri amtue marehemu akiwa hapo hapo nje, na badala ya kulitaja jina, aseme tu Mwenye ua. Nyanzala aliposikia hayo aliacha kupiga jiwe.

"Niwe huku, nimtue aliyeko huko?" alisema. "Kwani mikono yangu ina urefu gani? Nifungulie, niingie, nikae pale anapokaa mtuaji, nimwite jina lake. La sivyo, kaeni naye."

Mtaniuliza, basi akafungua? Hakufungua. Palikuwa na tundu katika miiba, upande wa zizi, ambalo ndama walipitia. Ndalahwa aliagiza lipanuliwe kidogo, ili mama yule apite bila yeyote kuweza kusema kwamba lango lilifunguliwa. Nyanzala akaingia kwa magoti na viganja, tope likiwa limemfika mapajani. Hivyo ndivyo Mnyaru wa kwanza alivyoingia Ngwila, kwa mlango wa ndama, ili desturi isivunjike.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kigoda, akakaa. Akamtazama marehemu kwa muda, akasema, "Lugembe."

Watu walivuta pumzi. Wengine walitazama juu. Hakikuanguka kitu ila mvua, ambayo ilikuwa ikianguka tangu mwanzo.

Alianza na madogo. Alisema Lugembe alimpiga mke wake mdogo kwa ajili ya maziwa yaliyolambwa na paka. Alisema alimwahidi mpwa wake mtamba, akampa dume kilema. Alisema alikuwa akila nyama chumbani na kutoka nje akijishika tumbo kwa njaa, ili wageni waondoke mapema. Wangwila walitazamana: ameyajuaje haya? Lakini Nyanzala alikuwa amesimama nje ya nyua zao tangu usichana, akingoja kupokelewa vyungu, na watu humo ndani waligombana kana kwamba nje hakuna mtu. Usipomhesabu mtu kuwa yupo, masikio yake nayo huyasahau.

Kisha sauti yake ikashuka. "Lugembe, ulikula katika chungu changu, ukaninywesha gaeni. Lugembe, masika baada ya masika tulikuomba pa kulala, ukatuambia maji yatashuka." Aliwataja kwa majina watoto waliochukuliwa na maji miaka hiyo, na akina mama wao, na mahali walipokutwa, wale waliokutwa. Hakulia. Alitaja kama mtu anayepanga vyungu kwa mnunuzi.

Alipofika mwisho alinyanyuka.

"Limebaki moja," alisema. "Lugembe, lango lako limefungwa na mwanangu anazaa majini. Hili siwezi kumtua. Kosa hutuliwa likiisha kutendwa. Hili bado linatendwa, na si yeye anayelitenda. Yeye amekufa. Ni ninyi."

Ndalahwa akasema kwa unyonge kwamba hakuna mtemi wa kutoa neno. Labda angeendelea kueleza, kwa kuwa maelezo alikuwa nayo. Lakini Mbuke alikuwa amekwisha geuka, akishuka kwenda langoni na vazi lake la ukiwa likiburuzika matopeni. Lile komeo lilikuwa gogo zima la mninga. Alilishika upande mmoja, akalinyanyua mpaka magotini, likamshinda. Akageuka, akawaona wanaume wote wa Ngwila wamesimama wakimtazama.

"Mnaangalia nini?" alifoka. "Njoni mnipokee!"

Wakaja. Lango likafunguliwa, na Wanyaru wakapanda, wamelowa, na mbuzi wao na wazee wao mgongoni. Kalekwa alibebwa mpaka nyumba iliyokuwa karibu, na nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa ya Ndalahwa. Alijifungua jikoni, mtoto wa kike, mzima. Mke wa Ndalahwa ndiye aliyemkata kitovu, na hapakuwa na nafasi ya kupitisha mkono wa yeyote motoni. Wawili walikuwa wamekwenda na maji tangu alfajiri, mzee mmoja wa Kinyaru na mtoto wa dada yake Nyanzala. Hao lango halikuwafaa.

Lugembe alizikwa jioni, akatulia. Wengine husimulia kwamba maji ya kaburi yalikauka yenyewe kwa heshima. Mimi nadhani walitia mawe.

Mtemi mpya alikalishwa kigodani, na neno lake la kwanza likawa kwamba lango lisifungwe tena masika. Gae likaachwa, na Mnyaru akanyweshwa kwa kata kama watu. Majina yakatajwa, na hakuna jina lililooza. Nyanzala aliulizwa anataka nini kwa kazi aliyoifanya. Walimtajia ng'ombe. Akakataa.

"Nasi hufa," alisema. "Atatutua nani?"

"Tutakuja," akasema Ndalahwa. Alilisema upesi, jinsi mtu anavyomwambia mgeni anayeaga, "Tutawatembelea."

Miaka ikapita, na Wangwila walizishika ahadi zao. Nawatendea haki, walizishika. Mnyaru alipofika juu alikaribishwa, alikalishwa, alipewa kinywaji. Ila hakuna Mngwila hata mmoja aliyeteremka kinamasini. Kwa nini ateremke? Huko kuna mbu, kuna matope, kuna harufu ya kambare, na vyungu vilikuwa vikija vyenyewe. Waliona kwamba wakishafungua lango lao, usawa umepatikana, kilichobaki ni salamu. Wanyaru waliofariki miaka hiyo walizikwa na mizigo yao kichwani, maana waliopeleka habari mlimani walijibiwa kwamba mvua ni nyingi, au kwamba ng'ombe wanazaa.

Kisha Nyanzala akafa. Kalekwa hakutuma mjumbe. Alipanda mlima mwenyewe, akaingia uani kwa Ndalahwa, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, akasema, "Babu, mama amefariki. Ulisema mtakuja." Ndalahwa alitazama mawingu. Hayakuwapo. Akachukua fimbo yake.

Alishuka njia ambayo hakuwahi kuikanyaga, ingawa aliiona kila siku ya maisha yake. Kinamasini alikuta watu wamekaa kimya, na Nyanzala amelazwa, na kando yake kisiki kifupi ambacho marehemu alikikalia akifinyanga. Ndalahwa akakikalia. Akasafisha koo.

"Nyanzala," alisema.

Watu wakangoja. Aliangalia chini, akaangalia fimbo yake.

"Nyanzala, kuna mwaka uliniuzia chungu, kikavuja."

Mtoto mmoja aliangua kicheko, akafinywa. Kalekwa akasema, "Endelea, babu."

Jasho lilimtoka yule mzee. Alijitafuta ndani, akakuta hana kitu. Mwanamke huyu alifika langoni kwake tangu wote wawili wakiwa vijana. Alimtua mtemi wao. Mjukuu wa mwanamke huyo alizaliwa katika jiko la mzee. Na mzee hakujua kama Nyanzala alikuwa mchoyo au mpaji, mpole au mkali kwa watoto, kama alilala mapema, kama alimcha mtu, nini kilimchekesha. Hakujua hata kosa lake la pili.

"Sijui lingine," alisema kwa aibu. "Alikuja, nikapokea chungu, akaenda."

Kalekwa hakumpigia kelele. Ingekuwa nafuu kama angempigia.

"Mama alimtua mtemi wenu kwa mambo aliyoyasikia akiwa nje, ananyeshewa," alisema. "Wewe umekaribishwa ndani, umekalishwa, na huna la kusema. Basi hazikwi."

"Nifanye nini, mwanangu?"

"Kamjue."

Ndalahwa akainuka. Akaenda nyumba ya kwanza, akapiga hodi, akangoja mlangoni kwa adabu. Mwenye nyumba, bibi mmoja mwenye jicho moja, akamwambia kutoka ndani kwamba habari za Nyanzala haziko mlangoni, ziko jikoni. Akainama, akaingia. Akakaa juu ya kuni. Akapewa kambare, samaki ambaye Mngwila hamli, akatapika wa kwanza, akamaliza wa pili. Kila nyumba ilikuwa hivyo: jiko, moshi, chakula, na Nyanzala kidogo. Alisikia kwamba alificha mahali pa udongo mzuri, akiulizwa anaelekeza kwingine. Alisikia kwamba alinuniana na dada yake kwa sababu ya ungo, mpaka dada akafa wakiwa hawasemezani. Kwamba aliimba vibaya na hakukubali kunyamazishwa. Kwamba alipenda kusifiwa, na asiposifiwa alijisifu. Kwamba Kalekwa alipotaka kuolewa, alimfukuza mchumba kwa mwiko, kisha akamfuata njiani kumwomba arudi.

Yule mzee alianza kucheka mahali fulani katikati ya nyumba hizo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwanamke aliyefinyanga pamoja na marehemu. Huyo alisitasita, akamwambia, "Kuna moja, lakini linakuhusu."

"Sema."

"Yule mtoto wa dada yake aliyechukuliwa na maji, siku mliyopanua tundu la ndama. Nyanzala hakukusamehe. Kila chungu alichokuuzia wewe tangu siku ile, alikitemea mate kabla ya kukipeleka."

Ndalahwa akalikumbuka jiko lake. Vyungu vyote vya nyumba yake vilikuwa vya Nyanzala. Kisha akacheka, akacheka hata akashika nguzo ya jiko, na yule mwanamke alipotaka kucheka naye aliona kwamba mzee analia.

Alirudi kwenye kisiki. Safari hii hakusafisha koo. Alimtajia Nyanzala makosa yake, na alipolisahau moja watu walimkumbusha kwa kelele, na lile la ungo lilizua ubishi kwa kuwa wengine walisema lilikuwa chekecheke la unga. Watu wa kinamasini walicheka msibani, wakalia, wakacheka tena. Mwisho akafika kwenye lake.

"Nyanzala, ulinitemea mate chunguni, nami nimekula humo miaka yote nikikusifia mapishi. Hukumsamehe mtu ambaye hakuwahi kukuomba msamaha. Nakutua hilo. Nusu yake naichukua mimi, ni yangu."

Nyanzala akashushwa, na Ndalahwa alikuwa wa kwanza kurudisha udongo, kwa mikono.

Alipofika juu aliwaita Wangwila wote, na hakutoa maelezo marefu, jambo lililowatia hofu. Aliwaambia tu, "Nendeni mkawajue wangali hai. Mtu asije akakaa pale kama nilivyokaa mimi, na chungu kimoja kinachovuja."

Na tangu siku hiyo Mngwila hapigi hodi kwa Mnyaru, wala Mnyaru kwa Mngwila. Huingia mpaka jikoni, akafunua chungu, akauliza nani amelipua ugali huu. Hufungua ghala la mwenzake na kumwambia uso kwa uso kwamba ni mchoyo, na mkewe ni mvivu, na ng'ombe wake wamekonda kwa roho yake. Wanaitana watani. Hakuna anayekasirika, anayekasirika hutozwa kuku, na kuku huyo huliwa na wote wawili. Na mmoja wao akifa, mwenzake hukaa juu ya kigoda chake na kuyasema yote, maana anayo ya kusema. Watu wa mbali wakituona hushika vichwa, wakasema hatuna adabu.

Lakini ukimkuta Mngwila amesimama mlangoni kwa Mnyaru, anapiga hodi taratibu, anangoja kukaribishwa, anajibu salamu kwa heshima zote, wahurumie hao wawili. Hawajuani, na mmoja wao akifa leo, hana wa kumzika.